Chupa ya Mwalimu Mbonde

"Madam, kwa nini chupa? Kwa nini siyo rula?"

Niliulizwa swali hilo getini, asubuhi moja ya Januari, na msichana wa kidato cha nne aliyeitwa Mwanaidi. Mimi wakati huo nilikuwa nimepiga goti mbele ya mvulana mwenye suruali ya kijivu, nikijaribu kumpenyezea chupa ya soda mguuni. Nikasema maneno ambayo nilipokuwa chuo kikuu niliapa hayatatoka kinywani mwangu nikishakuwa mwalimu: "Kwa sababu ndiyo utaratibu. Pita."

Mwanaidi akapita. Alipita akitabasamu, na tabasamu lile lilinifuata hadi saa nne ya chai.

Wadogo zangu, mimi nina miaka thelathini na minane na ni mstaafu. Msicheke. Nimefundisha Kiswahili na Historia kwa miaka kumi na mmoja, na karibu muda wote huo nilikuwa mwalimu wa nidhamu getini. Mtu akisimama getini miaka yote hiyo, akiwatazama watoto wa mjini wakibuni njia mpya za kumpita, ana haki ya kujiita mstaafu hata kama hana mvi. Sasa nafanya kazi ya kukaa kitini. Nikiona suruali mtaani bado macho yananishuka yenyewe kwenye pindo.

Shule yetu iko katikati ya mji, karibu kabisa na Mtaa wa Msimbazi. Ukifundisha karibu na dirisha unasikia bei za vitenge. Mara nyingi nilikuwa naeleza ujio wa wakoloni, na sauti ya mpiga debe kwenye spika inamalizia sentensi yangu: "Njoo uchague mwenyewe, leo ndiyo mwisho!"

Sasa nieleze hiyo chupa, maana nyinyi wa leo mnavaa mabwanga ambayo mguu mmoja ungeingia chupa pamoja na kreti yake. Wakati ule fasheni ilikuwa modo. Suruali inabana kuanzia pajani hadi kifundoni, na mvaaji akitaka kuketi lazima afikirie kwanza. Sheria ya shule ilisema suruali isibane. Haikusema isibane kiasi gani. Kwa hiyo mwalimu alishika chupa ya soda, akaisukuma kutoka kwenye pindo kwenda juu, kati ya mguu na kitambaa. Ikipita, mwenye mguu anapita. Ikikwama, mshono unafumuliwa hapo hapo kwa wembe, na kijana anaingia darasani suruali ikimpepea kama bendera.

Chupa hiyo nilirithishwa na Mwalimu Mbonde. Alikuwa mtu wa Lindi, mwalimu wa Hesabu, mpole wa sauti na mkali wa macho, na alikaa katika shule ile tangu mimi sijazaliwa. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa msaidizi wake getini. Nilimhoji kila siku. Kwa nini tunakagua nywele? Kwa nini soksi ziwe nyeupe katika mji wenye vumbi hivi? Kwa nini wasichana wasivae hereni ndogo? Wanafunzi hawakuchelewa kunipa jina. Waliniita Madam Kwanini, na walidhani sijui.

Mwalimu Mbonde hakukasirikia maswali yangu. Alikuwa akisema, "Binti yangu, swali zuri. Sasa niitie yule anayejificha nyuma ya gari la maziwa."

Kazi ya getini nilifundishwa naye kipande kipande. Kwanza, alisema, itikia shikamoo kabla ya kukagua chochote. "Ukimkagua mtoto kabla hujamwambia marahaba, umemgeuza mzigo wa bandarini." Pili, tazama viatu, siyo uso, uso wa mwanafunzi umeshafanya mazoezi nyumbani. Tatu, kuhusu wembe: "Fumua, usichane. Mshono ni wa fundi, kitambaa ni cha mzazi." Sikuwahi kumwona akiharibu nguo ya mtoto. Alikuwa akichokoa uzi mmoja, anauvuta, na mshono mzima unafunguka wenyewe, safi, unaweza kushonwa tena jioni.

Hilo la viatu liliniponza siku moja. Ilikuwa masika, Jangwani pamejaa maji, na watoto wa ng'ambo ile wote walikuwa na ruhusa ya kuchelewa. Akaja mvulana mmoja saa tatu kasoro.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba. Umechelewa."

"Madam, Jangwani maji mpaka hapa," akaonyesha kifuani.

Nikatazama viatu. Vikavu, vinang'aa, vimepigwa dawa. Nikafurahi kama mwindaji. "Na viatu hivi vilipitaje?"

"Nilivivua, Madam. Nikaviweka kichwani."

"Na shati?"

"Nalo nilivua."

"Na suruali?"

Akanitazama kwa huruma. "Madam, unataka nijibu hilo hapa mbele za watu?"

Mwalimu Mbonde alikuwa nyuma yangu. Alicheka hadi akavua miwani. Nikampisha yule kijana.

Nawaambia haya ili mjue kwamba getini hapakuwa mahali pa vita tu. Kila muhula ulikuja na mtindo wake. Kulikuwa na mwaka wa kiduku, nywele zimesimama katikati kama jogoo. Kulikuwa na muhula wa sweta kufungwa kiunoni hata siku za joto la kuyeyusha lami. Kulikuwa na simu ndani ya mkate. Mkate mzima, umetobolewa ubavuni, simu imelala ndani kama mfalme. Niliigundua kwa sababu mkate uliita kipindi cha pili. Nilipomwuliza mwenyewe akasema, "Madam, mimi mwenyewe nimeshangaa."

Mwalimu Mbonde alistaafu Desemba. Siku ya kumuaga tulimpa kitenge cha mkewe na saa ya ukutani. Yeye akanipa mimi chupa, imeviringishwa kwenye gazeti. Haikuwa na maandishi yoyote. Nilidhani yamefutika kwa miaka ya kusuguana na suruali. Ilikuwa na harufu kali kidogo kwa mbali. Nikafikiri ni soda iliyochacha zamani.

"Itunze," alisema. "Na usibadilishe kipimo."

Nilidhani ananiambia nisiwe laini. Nikaahidi.

Januari hiyo ndiyo Mwanaidi akaniuliza swali lake. Mjue, wasichana hawakupimwa kwa chupa, kwa hiyo hakuwa akijitetea. Alitaka kujua tu. Baba yake alishafariki, na mama yake alikuwa fundi cherehani barazani Kariakoo, kwa hiyo binti alikulia kati ya futi kamba na mkasi. Kwake yeye kupima nguo kwa chupa kulikuwa kama kupima mchele kwa kiatu. Na kwamba chupa hiyo ilikuwa ya mwalimu wa Hesabu ndilo lililomkera zaidi. Nilitaka kumpigia Mwalimu Mbonde simu nimwulize. Sikupiga. Nilikuwa na shahada na jina la Madam Kwanini. Nitaanzaje kukiri kwamba kuna kitu nimekaa nacho mwaka mzima bila kukihoji?

Kuanzia Januari hadi Machi mambo yalikwenda vizuri. Waliokwama walikuwa wawili, watatu kwa wiki, kama enzi za mzee. Ilipoingia masika, harufu ya ile chupa ikanichosha. Nikaipeleka nyumbani kuiloweka kwa maji ya moto na majivu, nikaiweka ikauke nyuma ya kopo la sukari, nikaisahau. Asubuhi yake nikiwa getini nikakumbuka. Nikaazima chupa tupu ya soda kwa mama wa kantini. Chupa ni chupa.

Siku ile walikwama ishirini na saba.

Sikuamini. Wembe ulinichosha vidole. Walimu wenzangu walipita wakinipigia makofi. Nikajiuliza imekuwaje, na nikajipa jibu la haraka: walikuwa wakimwogopa Mbonde, mimi wameniona mwanamke kijana, wamenipanda kichwani. Basi nikaamua kuwaonyesha. Sikuirudisha ile ya nyumbani. Ya kantini ilikuwa karibu, na zaidi ya hapo ilikuwa inakamata. Wiki baada ya wiki nilifumua suruali. Vijana waliokuwa wakinitania wakaacha. Yule wa Jangwani alinipita bila kuniangalia.

Halafu ghafla wakaacha kukwama.

Mwezi Juni hivi, chupa ilianza kupita kwa kila mtu. Inateleza hadi gotini bila shida. Nikajisifu kwenye kikao cha walimu. Mkuu wa shule, kijana mwenzetu aliyekuwa amehamia mwaka ule, mtanashati, suti ya bluu na viatu vya ncha, akasema mbele ya wote, "Hii ndiyo nidhamu ya kisasa." Nikafurahi. Lakini saa sita mchana nilipopita uwanjani niliona modo kila mahali. Miguu imebanwa kama mihogo. Ni wale wale, suruali ni zile zile.

Nilikaa wiki mbili nikichunguza. Nikasogea nyuma ya mstari wa asubuhi. Baada ya tangazo la mwisho, Mkuu alipogeuka tu, wavulana kama arobaini waliinama kufunga kamba za viatu. Wote pamoja. Na nikasikia mlio: tap, tap, tap, tap-tap-tap, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Walipoinuka, suruali zilikuwa zimebana.

Nikamshika wa karibu. "Inama tena. Nionyeshe."

"Nini, Madam?"

"Hicho kinacholia."

Ndani ya mshono, kuanzia pindoni hadi chini ya goti, palikuwa na safu ya vile vifungo vya chuma vya kubonyeza, vidogo, vimeshonwa kwa uzi wa rangi ya kitambaa, huvioni hata ukitazama kwa karibu. Ukivifungua, suruali ni ya mzee wa kanisa. Ukivibonyeza, ni modo.

Nilitakiwa kukasirika. Nawaambia ukweli, nilichofikiri kwanza ni: nani huyu mwenye akili hivi?

Kijana hakumtaja, nami sikumlazimisha. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kariakoo kutafuta kitambaa cha gauni. Nikapita kwenye baraza la mafundi, kwenye mlio wa cherehani nyingi kwa pamoja, na mmoja nikausikia umekatika ghafla. Nikageuka. Mwanaidi alikuwa nyuma ya cherehani ya mama yake, na kando yake rundo la suruali za kijivu kufika kiunoni.

"Shikamoo Madam," akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Mama yake, mwanamke mnene mwenye futi kamba shingoni, alifurahi kuniona. "Mwalimu! Karibu, karibu. Huyu binti amepata kazi ya shule, naona mmempa aweke sare sawa." Hakujua kitu. Nikamtazama Mwanaidi, naye akatazama sindano.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Anaweka sare sawa."

Tulipobaki wawili nikamwuliza wanamlipa nini. Akasema mihogo ya kukaanga, na wanamnakilia daftari la Jiografia, maana akishona hana muda wa kuandika.

"Na kwa nini unafanya?"

"Madam, wewe ulikuwa unazifumua kila siku. Wengine wana suruali moja. Wakija kwangu wanalia. Nikazipunguza, ukazifumua. Nikazipunguza tena, ukazifumua. Kitambaa kinaisha, Madam. Ndiyo nikaona nitengeneze kitu ambacho wewe hutafumua." Akachukua suruali nyingine kwenye rundo. "Bado sijaelewa kwa nini siyo rula."

Nikamwambia aache kabla hajakamatwa. Akasema ataacha. Lakini zilizokwisha kushonwa zilikuwa nyingi, na siri ya watu arobaini haikai.

Ilitoka Agosti. Tulikuwa na mgeni kutoka wilayani, na mvulana mmoja aliitwa mbele kupokea zawadi ya mbio. Akapanda jukwaani kwa kuruka, kama wakimbiaji wanavyofanya. Vifungo vyote vya mguu wa kulia vikaachia kwa pamoja. Mlio wake hadi leo naukumbuka. Suruali ikafunguka upande mmoja hadi gotini, upande wa pili umebana, na mgeni akabaki na mkono wa pongezi hewani. Shule nzima ikaanguka kicheko. Mkuu hakucheka.

Kufikia jioni jina la Mwanaidi lilikuwa mezani kwake. Akaitisha kamati ya nidhamu, akasema wazi kabla ya kikao: atapendekeza msichana afukuzwe. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umebaki miezi miwili na kidogo. Akifukuzwa, miaka minne ya mama yule barazani ilikuwa imekwenda.

Sikulala vizuri siku zile. Nilikuwa najua jambo, sikulisema, na zaidi ya hapo wembe ulikuwa wangu. Nikahesabu namna ya kumtetea, kila namna ikaishia kwenye sheria: suruali isibane. Asubuhi ya kikao nilipita kantini nikachukua ile chupa nikaitia mkobani. Nilimwambia mama wa kantini ni kielelezo. Ukweli ni kwamba sikujua nitaifanyia nini.

Tulikaa watu sita katika ofisi ya Mkuu. Mwalimu Mbonde naye alikuwapo. Baada ya kustaafu alikuwa amefanywa mjumbe wa bodi ya shule. Alikuwa amevaa suruali yake ileile ya siku zote, pana kama pazia, anakunywa chai taratibu. Mwanaidi na mama yake walikaa kwenye benchi karibu na mlango.

Mkuu akasoma shtaka: kuharibu sare za shule kwa makusudi, kuwadanganya walimu, kuiaibisha shule mbele ya mgeni. "Una la kusema?"

Mwanaidi akasimama. Mikono aliiweka nyuma. "Mimi sikubana suruali ya mtu, Mkuu. Zilikuwa zimeshabana. Mimi niliziwekea mlango."

Mwalimu mmoja akakohoa kuzuia kicheko. Mkuu akamtazama mama mtu. "Na wewe mzazi?"

Mama Mwanaidi akainuka na futi kamba yake shingoni. Nadhani hata kulala alilala nayo. "Mimi sina maneno mengi. Mwanangu ana kosa la kushona. Nimemlea kwa kosa hilohilo."

Mkuu akasema sheria ni sheria, suruali isibane, na kila mtu shuleni anaijua.

Hapo mdomo wangu ukafunguka kabla yangu. "Mkuu, naomba kuuliza."

"Madam, leo siyo siku ya maswali."

"Ni moja tu. Isibane kiasi gani?"

"Si mnayo chupa?"

"Tunayo." Nikaitoa mkobani, nikaiweka mezani, kati ya vikombe. "Naomba tu kuelewa. Sheria inasema wanafunzi wafuate mfano wa walimu wao. Ukurasa wa kwanza. Walimu tunapimwa wapi?"

Nje mpiga debe alikuwa anauza masufuria. Wote, bila kutaka, tulitazama chini ya meza ya Mkuu, pale suruali ya bluu ilipokutana na soksi.

"Unanitukana?" akasema taratibu.

"Hapana, Mkuu. Wavulana wanakupenda. Wanaiga unavyovaa. Nauliza tu, kama chupa ni kipimo, basi tupime."

Nilijua nimeshafukuzwa kazi. Nilianza kufikiria nitamwambia nini mama yangu. Lakini Mkuu, na hapa namsifu hadi kesho, alikuwa mtu mwenye majivuno ya aina moja tu: hakubali kushindwa mbele ya watu. Akasimama, akaichukua chupa, akainua mguu juu ya kiti. Akasukuma. Kitako cha chupa kikaingia nusu ya pindo, kikakwama. Akasukuma tena. Uzi ukalia trrr.

"Fumua, usichane," akasema Mwalimu Mbonde kutoka kwenye kona yake.

Wa kwanza kucheka alikuwa Mama Mwanaidi, akajiziba mdomo kwa khanga. Halafu sisi. Halafu Mkuu mwenyewe, amesimama mguu mmoja, chupa inaning'inia kwenye soksi. Alicheka hadi akakaa. "Haya," akasema akifuta macho. "Haya. Sasa tutafanyaje na huyu mtoto?"

Mwalimu Mbonde hakuwa amecheka sana. Aliinama akaichomoa chupa, akaigeuzageuza, akaitazama muda mrefu.

"Hii umeitoa wapi?" akaniuliza.

"Kantini, Mwalimu. Ile yako iko nyumbani, nyuma ya kopo la sukari."

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

"Aha," akasema. "Kantini." Akarudi kwenye chai yake. Halafu, bila kuinua macho, akamwambia Mkuu: "Mtoto huyu asifukuzwe. Kama kuna mtu amekosea kwa habari ya suruali mwaka huu, siyo yeye." Nilidhani anamsema Mkuu. Mkuu naye alidhani hivyohivyo, akainamisha kichwa.

Adhabu ya Mwanaidi ikawa kutoa vifungo vyote alivyoshona na kuzirudisha suruali zote kwenye upana wa halali. Jumamosi tatu tulikaa naye kwenye baraza la ofisi ya walimu, mimi na wembe wangu, yeye na cherehani ya mama yake iliyoletwa na mkokoteni. Nilishika uzi, akashona, nikamsomea Jiografia kwa sauti. Suruali ya arobaini na mbili haikuwa ya kijivu. Ilikuwa ya bluu, imekunjwa vizuri ndani ya bahasha ya shule, bila jina. Mwanaidi akaipanua inchi moja na nusu, akaipiga pasi, akairudisha kwenye bahasha. Jumatatu Mkuu alitembea mstarini kwa raha ambayo hatujawahi kuiona.

Mwanaidi alifanya mtihani Novemba. Jiografia alipata vizuri kuliko alivyostahili. Mwaka uliofuata shule ilibadilisha sheria ikaandika inchi, nikapewa rula, na chupa ikapumzika. Kisha modo zenyewe zikaanza kupitwa na wakati, na mimi nikaanza kupiga kelele kuhusu suruali zinazoburuza sakafu. Miaka ikaenda.

Mwaka jana nilihama nyumba. Nyuma ya vyombo vya jikoni nikaikuta chupa ya Mwalimu Mbonde. Nikaona haifai kutupwa, nikampelekea Mwanaidi. Siku hizi ana chumba ghorofani Kariakoo, cherehani tano, wasichana wanne wa kazi, na mama yake anakaa mlangoni kama msajili wa vizazi na vifo. Anashona sare za shule nyingi za mjini, na ya kwetu imo. Ananiita Madam bado.

"Chupa yenyewe ndiyo hii?" akauliza, akicheka. Na kwa kuwa fundi hawezi kushika kitu bila kukipima, akaizungushia futi kamba. Kicheko kikakatika. Akapima tena. Akamwagiza msichana soda dukani, akaimimina kwenye glasi, akapima chupa yake.

"Madam, njoo uone."

Ya soda ilikuwa inchi saba na nusu kuizunguka. Ya Mwalimu Mbonde ilikuwa tano na nusu.

Nilitazama ile namba na nikawaona ishirini na saba wangu, mmoja mmoja, wamesimama getini na mishono wazi. Mimi niliyehoji soksi na hereni, sikuwahi kuziweka chupa mbili ubavu kwa ubavu.

Nikampigia Mwalimu Mbonde hapohapo. Yuko kwao Lindi, ana mbuzi, masikio bado mazima. Nikamwamkia, nikamwuliza swali la Mwanaidi, nimechelewa miaka yote ile: kwa nini chupa, kwa nini siyo rula?

"Rula kila mtu anayo, binti yangu," akasema. "Mkuu anayo, mkaguzi anayo. Wangenipima mimi."

"Na chupa hii, Mwalimu, ni soda gani?"

Akacheka, nikasikia na mbuzi. Akaniambia kwamba miaka mingi iliyopita alifumua suruali ya mvulana aliyekuwa na hiyo moja tu, na mvulana hakurudi shuleni wiki nzima kwa aibu. Mzee alikwenda kwao, akaiazima ile suruali, akaenda nayo nyumbani, akajaribu kila chupa iliyokuwa jikoni mpaka akapata inayopita. Mkewe aligomba kwa sababu ilikuwa bado imejaa.

Haikuwa ya soda. Ilikuwa ya siki.